Tangu lami ifike tunazika zaidi, au ni macho yangu tu?

#1 Mzee wa Isevya
Wakuu salaam.

Kwetu ni kandokando ya barabara ya Tabora kwenda Sikonge. Enzi za vumbi basi ulilisikia robo saa kabla halijafika. Likifika limekuwa jekundu kama tofali bichi, na abiria anayeshuka humtambui mpaka anawe uso. Tulilalamika miaka na miaka. Lami ikaja, tukapiga vigelegele.

Sasa mimi ndiye katibu wa chama cha kuzikana pale kijijini, michango yote inapita kwenye kalamu yangu. Daftari la zamani lina malaria, uzazi, nyoka, na mmoja alianguka kutoka juu ya mwembe. Barabara haimo. Daftari jipya bado halijafika nusu na misiba saba ni ya barabara. Wanne pikipiki, wawili baiskeli, na mtoto mmoja aliyetumwa chumvi duka la ng'ambo.

Serikali haijalala, sitaki kuionea. Tochi za kupima mwendo zipo, trafiki wapo, Wiki ya Nenda kwa Usalama inakuja na stika zake. Ninachouliza: hizi juhudi zinapunguza vifo, au zinavitoa penye trafiki na kuvipeleka pasipo trafiki?

Nawasilisha.

#2 Konda Mstaafu
Shikamoo mzee. Nimeshika mlango wa basi miaka kumi na minne, Tabora, Mpanda, Mwanza. Siku hizi nauza vipuri vya pikipiki.

Wanavihamisha. Tochi inakaa palepale kila siku, kama muuza mahindi. Dereva anayetoka huko anakuwashia taa mara mbili, habari imefika. Tunashuka kutoka mia na ishirini mpaka hamsini, tunampita afande taratibu kama tumebeba maiti, abiria mpaka wanashangaa ustaarabu umetoka wapi. Tukishapinda kona, dereva anafidia. Zile dakika alizopoteza anazitafuta kijiji kinachofuata, na huko ndiko alikokuwa huyo mtoto wa chumvi.

SUMATRA, wale wasimamizi wa usafiri, walipofunga kile kifaa cha mwendo ndani ya mabasi, hapo kidogo walitushika.

#3 Kitabu cha Sheria
Konda, nikurekebishe kidogo. SUMATRA haipo tena, tangu 2019 ni LATRA. Kifaa ni VTS, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa basi, na dereva akizidisha mwendo kinalia. 80 ndiyo mwisho wa mabasi na magari yanayozidi tani tatu na nusu. Ndani ya makazi ni 50.

Kwa hiyo hiyo mia na ishirini uliyoiandika hapo juu ni kesi kamili. Ungekuwa bado kazini ningekushauri ufute bandiko.

#4 Konda Mstaafu
Nimestaafu, andikeni tu. Na kikilia kinalia mpaka abiria wanazoea. Nimewahi kuona mama mmoja analalamika kimenyamaza, anaogopa tutachelewa.

#5 Dogo wa Gungu
Tabora mnalia na lami, sisi mwisho wa reli tulisubiri mpaka mvi zikatoka. Pandeni treni, jamani. Treni haijawahi kuua mtu.

#6 Mzee wa Isevya
Dogo, Juni 2002 ulikuwa na umri gani? Treni ya abiria ilirudi nyuma kule Igandu, Dodoma, ikagonga ya mizigo. Walikufa zaidi ya watu 280. Tabora hii tulipokea majeneza. Usiandike tu kwa kuwa una bando.

#7 Dogo wa Gungu
Nisamehe mzee, nilikuwa sijaanza hata chekechea. Nimekosea.

#8 Binti Kasulu
Mwakeye wote. Mimi naleta upande wa Kigoma.

Wanaojua barabara ya Kasulu, Kibondo kwenda Nyakanazi wanakumbuka mabasi yalikuwa yanangojana, askari mwenye bunduki anapanda, ndipo mnaingia porini. Adui alikuwa jambazi, na kwa sababu barabara ilikuwa mbovu, jambazi alikukuta unatembea kama kobe. Mama yangu alikuwa anashona hela kwenye pindo la kitenge.

Leo sehemu nilizopita za lami huoni escort, unaona Probox imebeba watu tisa, wawili kwenye kiti cha dereva. Ndiyo, cha dereva. Mmoja amekalia ukingo, dereva anaendesha kiuno kikiwa upande. Nimekaa nyuma nikawaza, yule jambazi wa zamani angalau alikuwa anataka hela tu.

Kwangu mimi tatizo si lami, ni usafiri haupo. Hiace mpaka ijae, basi linapita mara moja, mgonjwa anataka kufika. Mchomoko, yaani hizo Probox, ukiukamata leo bila kuleta gari mbadala, kesho upo.

#9 Kijiwe Kipalapala
Naona bodaboda tumetajwa kwenye daftari la misiba. Mimi ni bodaboda, acha nijitetee kabla hamjaanza.

Anayetugonga ni nani? Lori. Anayetupa bega ni nani? Basi la huyo Konda. Kwenye lami hakuna njia yetu, ukikaa pembeni unakutana na ukingo umeliwa na mvua, sentimita kama kumi na tano hivi, tairi ikishuka hairudi. Ukikaa ndani unapigiwa honi mpaka unatetemeka. Halafu trafiki anatuandikia elfu thelathini. Hiyo ni hesabu ya siku nne.

#10 Kitabu cha Sheria
Elfu thelathini ni ya magari. Bodaboda na bajaji ilishushwa mpaka elfu kumi kwenye bajeti ya 2021/22. Ukiandikiwa zaidi ya hapo kwa kosa moja, uliza.

#11 Kijiwe Kipalapala
Nimuulize nani, mkuu? Nimuulize yeye aliyeshika funguo yangu?

#12 Fundi Spana
😂😂 Kipalapala umemaliza.

Ila nikuulize na mimi. Elementi yako iko wapi? Kila boda anayeletwa gereji kwangu, elementi imening'inia kwenye kioo cha pembeni au imevaliwa na tangi. Tangi halina ubongo.

#13 Kijiwe Kipalapala
Ninayo na ninavaa. Ya abiria ndiyo mtihani. Ukimpa dada aliyesuka anakuambia "nitoe hela ya kusuka upya?" Mwingine anainusa kwanza. Na kusema haki, ina jasho la watu ishirini tangu asubuhi, hata mimi nisingeivaa. Nyie mnaosema sheria, mletee huyo dada kofia safi.

#14 Kitabu cha Sheria
Inaitwa helmeti.

#15 Fundi Spana
Elementi.

#16 Nesi wa Zamu
Wazee wangu shikamooni. Sitataja ninakofanya kazi, ila ni kwenye mikoa hii miwili.

Mzee wa Isevya umesema una daftari. Na mimi ninalo, la zamu. Naomba niwaambie kitu ambacho hakionekani barabarani.

Mwaka juzi aliletwa kijana saa mbili usiku, baiskeli ya mkaa, gari limempitia. Amelazwa kwenye pikapu ya mtu, juu ya magunia, kichwa kimewekwa kwenye ndoo iliyopinduliwa ili kiinuke kidogo. Aliyemleta alifanya wema, lakini kilomita thelathini za namna hiyo shingo inakwenda huku na huku. Amefika, wa mapokezi anauliza PF3, ile fomu ya polisi. Msamaria anatetemeka, anaogopa kwenda polisi ataambiwa yeye ndiye aliyegonga. Tuligombana pale dirishani, daktari akasema atibiwe kwanza, karatasi itafuata. Alikaa siku kumi na moja. Siku ya tisa alikuwa anaongea, aliniomba chai ya tangawizi. Ya kumi na moja akafa.

Sasa yule kijana ni wa ajali? Ndugu zake walisema "aliugua akafa." Shirika la Afya Duniani linahesabu anayekufa ndani ya siku 30 kuwa ni kifo cha barabarani. Kama hesabu inaishia eneo la tukio, yule hayumo. Ripoti yao iliyotumia takwimu za 2016 iliweka hesabu ya polisi wetu, kama 3,250 hivi, halafu ikakadiria kwamba waliokufa kweli walizidi 16,000. Tofauti hiyo ndiyo wodi yetu.

Kwa hiyo mkuu ukiuliza vifo vinapungua au vinaongezeka, mimi nauliza kwanza mnahesabu akina nani.

#17 Mwanga Sokoni
Dada Nesi, pole na kazi. Umenifanya niweke simu chini kidogo.

Ila elfu kumi na sita ni makadirio, siyo majina. Wanatumia fomula zao. Kuna serikali zilizoyapinga makadirio ya aina hiyo, na mimi si mtu wa kushangilia kila namba inayotoka nje.

#18 Nesi wa Zamu
Sawa, ni makadirio, nakubali. Lakini kaka, hata ukiyagawa kwa mbili bado yanazidi mara mbili.

#19 Mama Tumbaku
Hivi ile m-mama, namba 115, haiwezi kubeba na majeruhi? Mjamzito wa kijijini kwetu alipiga simu, gari likamfuata mpaka mlangoni, nililia kwa furaha. Basi kumbe mfumo unawezekana, dereva wa kijijini analipwa mafuta yake, anakimbia. Aliyevunjika mguu barabarani yeye anapandishwa pikapu ya magunia.

#20 Nesi wa Zamu
m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga. Majeruhi ukipiga hapo unawaziba wenyewe. Lakini wazo lako Mama Tumbaku ni zuri kuliko stika.

#21 Mpiga Hesabu
Mimi mwalimu wa fizikia, niruhusuni dakika moja.

Gari la 80 linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka anatumia kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Mita 22 zimeshaisha na gari bado liko 80. Yule mtoto wa chumvi wa mzee wa Isevya alikuwa mita ngapi mbele ya gari? Kumi na tano? Basi hakuna breki, hata iwe mpya kutoka kiwandani.

Na mwili: anayegongwa na gari la 65 yuko kwenye hatari ya kufa zaidi ya mara nne ukimlinganisha na anayegongwa na la 50. Ndiyo maana wenzetu wanabishania kilomita kumi kana kwamba ni shamba la urithi. Uswidi bunge lao lilipitisha 1997 kwamba lengo ni vifo sifuri, na msingi wao ni huu: binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lisiue. Wakaweka waya katikati ya barabara, wa huku hawezi kukutana uso kwa uso na wa kule. Vifo kwenye barabara hizo vilishuka sana.

#22 Dogo wa Gungu
Waya katikati ya barabara Tabora 😂 Jioni umeshakuwa uzio wa banda la kuku.

#23 Konda Mstaafu
Na Uswidi hawana mbuzi barabarani. Mwalimu, ukitoka Ipole kuelekea Koga usiku, kuna ng'ombe wamelala juu ya lami kwa sababu ina joto. Si wanavuka, WAMELALA. Fizikia hiyo ina fomula?

#24 Mpiga Hesabu
Ipo. Punguza mwendo.

#25 Mwanga Sokoni
Mnasahau usiku. Miaka mingi mabasi yalizuiwa kusafiri usiku, tunalala Dodoma au Singida kwenye viti. Magufuli ndiye aliyeruhusu, tangu hapo ajali za usiku.

#26 Kitabu cha Sheria
Si Magufuli. Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni 2023, LATRA wakaanza kutoa ratiba za saa 24 kuanzia Oktoba mwaka huohuo. Magufuli alishafariki Machi 2021.

#27 Mwanga Sokoni
Asante kwa historia. Hoja yangu bado imesimama.

#28 Konda Mstaafu
Haijasimama sana. Zamani za zuio ndiyo tulikuwa tunakimbia kuliwahi zuio. Saa ya zuio inakukuta njiani unasimamishwa ulale porini na abiria wanakutukana. Dereva anakanyaga tangu saa tisa alasiri. Zuio la usiku liliua mchana. Sasa ruhusa inaua usiku kwa usingizi. Ukitoka Kigoma kwenda Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja, dereva wa pili yupo kwenye karatasi, kwenye basi ni mpwa wa tajiri anayejifunza.

#29 Mjukuu wa Manyovu
Mimi nitoke mpakani. Huku tuna la kwetu ambalo nyie wa Tabora hamlijui. Burundi wanaendesha kulia, sisi kushoto. Mchana hakuna shida, dereva anafuata wenzake. Shida ni saa kumi alfajiri, amelala kwenye lori pembeni, anaamka, barabara tupu, anawasha gari na kuingia upande wa kwao. Kwa imani safi kabisa!

Shemeji yangu alikutana naye uso kwa uso karibu na Kasulu. Akawasha taa, yule naye akawasha taa, kila mmoja anashangaa mwenzake amelewa. Shemeji akaingia shamba la mihogo. Alitoka mzima. Mihogo ililipwa.

#30 Binti Kasulu
Nilisikia hiyo habari ya mihogo! Kumbe ni shemeji yako. Wanasema mwenye shamba alidai mpaka mihogo ya msimu ujao.

#31 Mjukuu wa Manyovu
Na akalipwa. Waha hatuchezewi.

#32 Mama Tumbaku
Wanaume mmeongea mwendo, faini, Uswidi. Mimi nauliza lango la shule.

Shule ya msingi ya kwetu ilikuwepo kabla ya lami. Barabara ilipopanuliwa ikaja mpaka kwenye ua. Tuliomba matuta, tukaandika barua mara mbili. Tukaambiwa hii ni barabara kuu, ni ya TANROADS, haiwekwi matuta hovyo. Tukaenda wa vijijini, wakasema wao ni TARURA, siyo yao. Trafiki akasema yeye hajengi. Wazazi tukajitolea, tukaweka mawe. Mawe yakaondolewa, tukaambiwa ni kosa, na kweli ni kosa, mwenye pikipiki angekufa pale usiku. Wakaja kuweka zile rasta za kutikisa gari, meno sita. Madereva wamegundua ukikimbia sana hazitikisi, unaruka juu yake.

Kwa hiyo sasa zinawahimiza kukimbia. Mwalimu wa fizikia anieleze na hilo.

#33 Mpiga Hesabu
Mama, ni kweli hiyo. Sina jibu la kukupa ambalo halitaudhi watu wa rasta.

#34 Fundi Spana
Na mimi niongeze lililo gerejini. Gari linakuja kukaguliwa kabla ya wiki ya usalama, mtu anaazima tairi. ANAAZIMA. Nne nzuri za jirani, anafunga, anapata stika, jioni anarudisha. Stika inabaki kwenye kioo mwaka mzima, vipara vinaendelea na kazi. Ukiniuliza chanzo cha ajali nitasema vipara na breki za mafuta yaliyochanganywa na maji. Huo mwendo wenu ni nusu tu ya kesi.

#35 Kijiwe Kipalapala
Fundi na wewe si ndiye unayefunga hizo za kuazima?

#36 Fundi Spana
Nafunga ninacholetewa. Mimi siyo LATRA.

#37 Mwanga Sokoni
Tukumbuke tu kwamba barabara haichagui. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, ana msafara, akafia Dakawa pale Morogoro 1985.

#38 Mzee wa Isevya
1984, Aprili 12. Nilikuwa shambani, redio ya jirani ikaanza kupiga maombolezo jioni. Mwaka huo siwezi kuusahau.

#39 Kitabu cha Sheria
Nilikuwa naandika hilohilo, mzee amenitangulia.

Nirudi kwenye swali la uzi. Sheria yenyewe ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Imeshonwa viraka, lakini kitambaa ni kile. Pombe bado ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, wakati Shirika la Afya linashauri 50. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo kwa nusu kati ya 2021 na 2030. Tukianza na sheria ya mwaka ambao hakukuwa na bodaboda hata mmoja, tunaanza na mguu mmoja.

#40 Konda Mstaafu
Sheria hata ikiwa ya jana, afande akiwa na njaa ni ileile.

#41 Nesi wa Zamu
Konda, tusiwaonee wote. Yule kijana wa mkaa, aliyempigia ndugu simu usiku ule kwa hela yake ni trafiki. Alikuja wodini mara mbili na maziwa.

#42 Konda Mstaafu
Sawa dada. Huyo mmoja namtoa.

#43 Dogo wa Gungu
Kwa hiyo jibu ni lipi? Mwendo, tairi, usafiri haba, sheria, ukingo wa lami, ng'ombe, Warundi? Nimesoma kurasa zote natafuta pa kuweka like.

#44 Mama Tumbaku
Weka kwa yule dada aliyesuka.

#45 Mzee wa Isevya
Wakuu, ahsanteni, nimesoma yote, mengine nimemsomea bibi yenu jikoni. Alicheka kwenye mihogo, kwa yule kijana wa chai ya tangawizi akaacha kukoroga ugali.

Nesi, nimechukua neno lako. Nimerudi kwenye daftari nikahesabu upya, nikaweka na waliokufa nyumbani baada ya kutolewa hospitali. Saba wamekuwa tisa. Mmoja nilikuwa nimemwandika "kifua." Alibanwa na usukani, miezi miwili kabla. Hiyo hata kwa siku 30 za Shirika la Afya haiingii, lakini daftari ni langu, nimemwingiza.

Habari nyingine: leo asubuhi nimekuta kibao kipya cha 50 karibu na lile duka la chumvi. Kizuri, kinang'aa. Nimerudi saa nane, mtu ameshafunga mbuzi kwenye nguzo yake.

#46 Fundi Spana
Kamba ndefu au fupi?

#47 Mzee wa Isevya
Ndefu. Anafika mpaka mstari wa katikati.

#48 Konda Mstaafu
Basi mzee, hapo magari yatapunguza.